Kiima, Kiarifu na Nywele za Edilson

Jumatatu, 3 Februari

Mvua tangu alfajiri. Njia ya milimani imefungwa mwezi mzima, kama kila Februari. Mimi, Nicanor Champi, mpishi wa watalii kwa miaka minane, nimekaa nyumbani nikimtazama mke wangu Basilia, naye ananitazama mimi. Hali si nzuri.

Ila leo kuna habari! Kampuni inataka kiongozi msaidizi kuanzia Machi. Mmoja tu. Huyo hatabeba sufuria tena. Atatembea mbele pamoja na watalii, ataongea nao, jioni atakaa nao kwenye moto. Sharti ni Kiingereza, tena si kile changu cha "karibu supu", bali cha kujenga sentensi. Mwalimu Abelardo Tisoc, mstaafu, atafundisha kila alasiri katika ukumbi wa parokia, kisha atatutahini. Neno lake ndilo la mwisho.

Tumeomba wawili. Mimi, na Rufino Ccahuana, mbeba mitungi ya gesi, ambaye kwa bahati mbaya ni kaka yake Basilia.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Miaka minane nawasikia watalii wakicheka pale motoni, mimi nikiwa hemani nasugua masufuria. Wanacheka nini? Sijui. Siku moja walinigeukia wote wakacheka, nami nikacheka pia. Hadi leo sijui nilicheka nini. Nataka kujua. Hilo tu.

Jumanne, 4 Februari

Somo la kwanza. Tuko kumi na mmoja. Na nani kakaa mbele kabisa, daftari jipya mapajani? Mama mkwe! Mama Gumercinda, muuza mahindi ya kuchemsha na jibini pale stesheni ya treni. Haombi kazi yoyote. Anasema amechoka kuongea na wageni kwa vidole kama bubu.

Mwalimu ana suti moja na sauti ya kanisani. Akapiga mstari ubaoni. Akasema sentensi ya Kiingereza ni nyumba ya vyumba viwili. Cha mbele anakaa kiima, mtendaji. Cha nyuma ni kiarifu: kitenzi na mizigo yake yote. Na ole wako uvibadilishe vyumba!

Sikutegemea kulipenda jambo hili. Nimelipenda. Nimerudi nyumbani nikitafuta kiima kila mahali. Kuku anadonoa: kuku. Mtoto analia: mtoto. Basilia ananifokea: kiima ni Basilia. Kisha kuna yule anayetendwa, anakaa mwisho kabisa, Mwalimu anamwita yambwa. Nikajitambua mara moja.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeharibu.

Mwalimu alifundisha jinsi Waingereza wanavyosema kwamba mvua inanyesha. Sisi kwa Kihispania tunatumia neno moja, limetosha, tunaingia ndani. Wao hawakubali. Lazima watafute kijineno kidogo, wakikalishe kwenye kiti cha mbele, ndipo kunyesha kuanze. Nikanyoosha mkono. Nikauliza huyo aliyekaa mbele ni nani. Mwalimu akasema si mtu wala si kitu, anashikilia nafasi tu. Nikauliza, kama si mtu wala kitu, nani alimpa kiti? Na ikiacha kunyesha, anakwenda wapi?

Rufino akacheka hadi akakohoa. Mama mkwe akageuka, akaniambia nimwache mwalimu wa watu apumue, na kama nina hamu hivyo ya kujua anayenyesha, nitoke nje nikamwulize mwenyewe.

Mwalimu hakucheka. Akavua miwani, akaifuta, akanitazama muda mrefu. Akasema tuendelee. Nimemuudhi, bila shaka yoyote. Lazima nitafute njia nyingine.

Ijumaa, 7 Februari

Njia nyingine: kofia.

Leo palikuwa na jaribio. Jana nilikaa saa mbili nikiandika ndani ya kofia yangu ya sufu, ile yenye masikio. Sikio la kulia, viima. La kushoto, viarifu. Mbele, pale pa paji la uso, mambo magumu. Kazi safi kabisa.

Kutoka nyumbani hadi parokia nikanyeshewa. Kuingia tu, Mwalimu akasema wote tuvue kofia, hii ni nyumba ya padri. Nikavua. Darasa zima likaangua kicheko. Wino ulikuwa umenichapa usoni! Rufino akasimama akaanza kusoma paji langu kwa sauti, polepole, kama padri anayesoma injili. Akasema: "Shemeji, hapa kwenye nyusi umekosea."

Matokeo, kwenye ishirini: mimi kumi, Rufino kumi na tatu, mama mkwe kumi na nane. Kumi na moja ndiyo ya kupita. Kwa hiyo nilikosa moja tu, bila kofia! Hakuna aliyenipongeza.

Mama mkwe ana siri yake, nimeigundua. Anasuka mishipi. Uzi mwekundu ni kiima, wa kijani ni kitenzi, wa njano ni yambwa. Anasema kwetu kwa Kiquechua kitenzi huja mwisho, hivyo mkono wake ulitaka kuweka kijani mwishoni, ikabidi aufundishe upya. Kwa kusuka! Nimeushika ule mshipi nikautazama sana. Sentensi nzima, na unaweza kuifunga kiunoni. Nikamwomba mmoja. Akasema ameuza wote stesheni. Kuna Mfaransa anazunguka nchi akiwa amejifunga "Mbwa anakula mkate" bila habari.

Jumapili, 9 Februari

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa kanisani, sisikilizi. Mbele yangu alikaa mwanangu Edilson, miaka mitatu, nywele hadi kiunoni. Hazijaguswa na mkasi tangu azaliwe. Watalii wote humwita msichana. Zitakatwa Pasaka, na mkataji ni Rufino. Aliahidiwa tangu mtoto akiwa na siku moja.

Sasa. Anayekata nywele za kwanza anakuwa padrino, baba wa heshima wa mtoto. Na padrino wa mtoto ni kompadre wa baba. Na kompadre ni zaidi ya ndugu. Ndugu hukumchagua, kompadre umemchagua. Nani hapa mjini amewahi kumwangusha kompadre wake? Hajazaliwa.

Mwalimu Abelardo ni mjane. Hana mtoto, hana hata wa kukata nywele. Nilisali kwa bidii sehemu iliyobaki ya misa.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda asubuhi, kabla ujasiri haujaniishia. Mkate mkubwa wa duara, mtungi wa pombe ya mahindi, simbilisi wawili wa kukaanga wakiwa na pilipili mdomoni. Mtu haendi mikono mitupu kwa jambo kama hili.

Mwalimu alikuwa mezani anafunga bahasha. Nikaweka vitu mbele yake nikamwomba akate nywele za Edilson, tena Jumamosi hii, tusingoje Pasaka. Akautazama mkate, akaitazama bahasha, akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikasema nimefikiri sana. Akasema ukompadre si mchezo, una mambo yake. Nikasema ndiyo maana nimekuja. Akaniuliza mara ya tatu, nikala kiapo.

Ndipo akaiweka bahasha kwenye droo, akasimama, akanikumbatia. Macho yamelowa. Akasema tangu mkewe afariki hajaombwa jambo lolote la heshima namna hii. Nilijisikia vibaya kidogo. Kidogo tu. Nikarudi nikipiga mluzi.

Basilia alipoambiwa hakufoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Aliuliza tu nani atamwambia Rufino. Nikasema yeye ndiye dada yake. Akasema mimi ndiye mwenye akili nyingi. Chakula cha jioni: kiazi kimoja, bila chumvi.

Jumatano, 12 Februari

Nimemwambia Rufino. Alikuwa anafunga kamba za viatu, akaendelea kufunga. Akaniuliza kama kuna baya alilonitendea. Nikasema hapana, ni mambo ya ratiba. Akasema tangu Edilson azaliwe anamfugia kondoo wa siku hiyo. Kisha akaniambia niende, anataka kusoma.

Sikuipenda sauti yake. Angepiga kelele ningejua la kujibu.

Jumamosi, 15 Februari

Siku kubwa! Nywele zilisukwa vifungu vifungu, kila kifungu na utepe wake. Mwalimu alikuja na suti yake, mkasi mpya mfukoni. Edilson akamwuma kidole. Mwalimu akasema mtoto ana kitenzi, na akakata. Watu wakapiga makofi. Wakafuata wengine mmojammoja, kila mtu na kifungu chake na zawadi yake.

Rufino alikuja. Sikutegemea. Kakata kifungu kimoja, cha mjomba tu, na yule kondoo akamleta vilevile, ana utepe shingoni. Akanipa mkono. Akasema: "Hongera, shemeji. Mwenzako nimeanza kuota kwa Kiingereza." Mama mkwe aliyekuwa karibu akaguna. Huyu mama ana miguno ya aina nyingi, na huu sikuutambua.

Mwanangu hana nywele na anaonekana kama kiazi kilichomenywa. Nikamkumbuka akinishika kidole, na nywele zile zimemfunika mabega. Nilitoka nje kidogo.

Mwalimu aliniita kompadre mbele ya watu wote. Kompadre! Kazi ni yangu.

Jumatatu, 17 Februari

Kompadre amenigongea mlango saa kumi na mbili asubuhi. Paa lake linavuja. Akasema asingemsumbua mtu mwingine yeyote, lakini kompadre hasumbuliwi, kompadre anaitwa. Utasemaje hapo?

Nilikuwa juu ya vigae siku nzima. Yeye chini, na mwavuli, ananifundisha. Akauliza kwa sauti kuu kiima ni kipi katika "Kompadre anaziba paa". Nikajibu kompadre. Akasema sahihi kabisa, endelea kuziba.

Nikamwuliza kutoka juu kama yambwa anaweza kupandishwa cheo akawa kiima. Akasema inawezekana, ni somo la mwezi ujao, halafu akacheka peke yake chini ya mwavuli. Swali liliniganda kichwani hadi nikakanyaga kigae kibovu.

Jumatano, 19 Februari

Jana mfereji. Leo zizi la simbilisi, ukuta mzima. Mikono yangu ina malengelenge kila kidole. Na si kazi tu. Padrino ana haki ya kusema nyumbani mwa mtoto, naye anaitumia. Alikuja jioni akala, akasema Edilson alale mapema, akasema nampa mke wangu maneno mengi na vitendo vichache. Basilia akamwongezea supu. Siku hizi anamsalimia kwa furaha kuliko anavyonisalimia mimi.

Daftari sijalifungua tangu Jumamosi. Rufino, nasikia, amejifungia na mama yake na mafundo ya uzi. Masomo ya familia! Mimi sina wasiwasi. Wao wana uzi, mimi nina kompadre.

Alhamisi, 20 Februari

Siku ya makompadre. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nikatoka nje. Wanawake walikuwa wamekwisha tundika vinyago vya kuwadhihaki wanaume juu ya barabara, kama kila mwaka. Kimoja kilikuwa na kofia ya sufu yenye masikio. Paji la uso limeandikwa kwa wino. Mkononi mkasi. Shingoni kibao: "Natafuta kompadre yeyote, hata wa mbuzi." Mwandiko wa mama mkwe. Tahajia yake haina kosa hata moja.

Sikujali. Nikaenda kwa kompadre kula. Nyama ya kondoo, kabichi, viazi, pichi nzima kwenye mchuzi, kila kitu. Nilipokuwa kwenye sahani ya pili akasafisha koo. Akasema kuna jambo ambalo najua tayari, lakini aliseme kwa heshima. Kwa kuwa sisi sasa ni ndugu, hawezi kunitahini. Alikwisha iandikia kampuni Jumapili. Jumamosi atakuja Bi Perpetua Ayerbe kutoka Urubamba, ambaye hanijui wala hamjui Rufino.

Nikairudisha pichi sahanini. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba nilidhani kompadre humsaidia kompadre. Akanishika bega. Akasema amenisaidia, kwani sasa hakuna atakayesema nimependelewa.

Alikuwa anaamini. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumamosi, 22 Februari

Mtihani. Sentensi ishirini, tenga sehemu zake. Bi Perpetua ni mfupi na hapepesi macho. Alituambia tuvue kofia kabla hatujaingia. Habari zimefika hadi Urubamba.

Kalamu ilikuwa inachoma malengelenge. Hata hivyo sentensi tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Ya nne ilisema mwanamke mmoja alimpa mgeni kiti. Nikatenga. Kisha nikaanza kujiuliza mgeni huyo ni nani. Ametoka wapi? Kwa nini alikuwa amesimama? Na mwanamke sasa amekaa wapi? Nikamwuliza Bi Perpetua. Akasema niandike. Nikaandika maswali yangu pembeni. Alipogonga meza nilikuwa kwenye sentensi ya kumi.

Rufino alimaliza kabla ya muda, akakaa amekunja mikono. Alikuwa amejifunga mshipi wenye rangi tatu. Mwekundu, kijani, njano. Ulikuwa halali, ni mshipi tu! Nani anamvua mtu mshipi?

Jumatatu, 24 Februari

Rufino kumi na nane. Mimi tisa.

Nilikwenda kwa kompadre kulalamika. Nikasema yeye angeniokoa. Hakukataa. Akafungua droo, akanipa ile bahasha ya siku ya mkate. Akasema nisome, ni yangu.

Barua kwa kampuni. Tarehe 9 Februari, usiku wa kuamkia siku niliyokwenda kwake. Inasema mtihani utafanyika kwa ajili ya taratibu, lakini yeye, baada ya miaka thelathini na nne ya kufundisha, anamtaka Nicanor Champi. Inasema Rufino ni hodari na atakumbuka kila anachoambiwa. Inasema Champi anauliza, na mtu anayeuliza ndiye wa kutembea na wageni. Sahihi. Muhuri wa parokia.

Ilikuwa ipelekwe asubuhi ile. Nikaja na simbilisi.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniuliza mara tatu. Akasema angewezaje kumpendekeza mtu aliyekwisha kuwa ndugu yake? Na angewezaje kumkataa mtu aliyemletea mtoto wake? Akasema wakati ule moyo wake ulitaka mambo mawili, akachagua lile asilowahi kuwa nalo.

Tukakaa. Akasema niende kwake kila Jumanne, anifundishe bure, polepole, hadi mwakani. Sote hatujui kwa nini watalii wanacheka, alisema, lakini tutajua. Nilikuwa nimemwambia hilo siku ya paa. Nililia, niandike tu. Nililia njia nzima, na kwa kuwa ilikuwa mvua hakuna aliyeona.

Nimefika nimemkuta Rufino ameketi kwangu, Edilson mapajani, anampapasa kichwa cha upara. Akanipa mkono. Nikampongeza. Ilinichukua muda. Basilia akaniwekea viazi vitatu, na chumvi.

Alhamisi, 27 Februari

Siku ya makomadre, yaani makompadre wa kike. Leo zamu yetu kutundika vinyago vya wanawake. Sikutundika. Nimekuwa nikiwaza.

Mwakani kampuni itataka msaidizi mwingine. Mtahini atakuwa Bi Perpetua, wameshasema. Na leo stesheni nimesikia kwa masikio yangu kwamba Bi Perpetua anajenga nyumba kule Urubamba. Kuta zimesimama. Mvua zikiisha, anapaua. Na kila paa lazima lipate padrino wa kuleta msalaba na wale mafahali wawili wa udongo wanaowekwa juu kabisa, naye huwa kompadre wa mwenye nyumba. Bado hajapata mtu!

Kosa langu nimeliona. Safari iliyopita nilimfanya mwalimu awe padrino. Ndiyo maana mambo yakanigeuka. Safari hii padrino ni mimi. Ni jambo tofauti kabisa.

Nilimweleza mama mkwe. Hakuguna. Alinitazama tu, akaendelea kusuka.

Kompadre alipita jioni kukumbusha kuhusu Jumanne. Nikamwambia Jumanne sitaweza. Nakwenda Urubamba kutazama mafahali.